Godoro limefanya bonde ndani ya miezi minane: ninunue topa au nitupe lote?

#1 Mwanamgongo

Wakuu salaam.

Nilipokwenda kutafuta godoro nilikuta mawili tu. Moja gumu kama ubao, wanaliita "la mifupa". Jingine la sponji, laini, limeandikwa hai densiti, yaani densiti ya juu. Nikajilaza juu ya kila moja dakika mbili hivi. Lile gumu likaniuma bega palepale, nikabeba laini: futi tano kwa sita, unene inchi sita. Mwezi wa kwanza raha tupu. Huu ni mwezi wa nane na katikati pana bonde. Mimi na mwenzangu tunalala kila mtu pembeni kwake, alfajiri tunakutana chini kama nguo kwenye karai. Kiuno kinauma mpaka nitembee kwanza ndipo kinyooke.

Jingine siwezi kununua sasa hivi, na hata nikiweza, ni yale yale mawili. Kuna topa za inchi mbili nimeziona, yale matandiko ya kuweka juu ya godoro. Je, topa inaokoa godoro la namna hii? Na mtu anajuaje godoro zuri kabla hajalilalia mwaka, wakati kila moja limeandikwa hai densiti?

#2 Usiku_Mrefu

Naweka kambi hapa. Langu lina mabonde mawili na mlima katikati, kila mtu ana nchi yake.

#3 FundiSofa

Nashona makochi, sponji naikata kila siku, ngoja nichangie.

Watu wanachanganya densiti na ugumu. Densiti ni kilo ngapi za sponji zipo kwenye mita moja ya ujazo. Ugumu ni nguvu unayotumia kuibonyeza. Kuna sponji ya kilo 20 ngumu, na ya kilo 40 laini kabisa. Densiti ndiyo inayosema itakaa muda gani bila kulala moja kwa moja. Ugumu unasema utajisikiaje usiku wa leo. Wewe dukani ulibonyeza kwa kiganja, kwa hiyo ulipima ugumu. Densiti haipimwi kwa kiganja.

Chini ya 20 mimi naweka kwenye mgongo wa kochi, siyo pa kukalia. Godoro la mtu mzima la kila siku naanza kuliheshimu kwenye 28 au 30. Kuanzia 35 umepata kitu.

Pima hivi: panda kwenye mizani mwenyewe, kisha panda ukiwa umelikumbatia godoro, toa. Gawanya kwa ujazo. Tano kwa sita kwa inchi sita ni mita 1.52 x 1.83 x 0.15, inakuja kama 0.42.

#4 Mwanamgongo

Nimelikumbatia mkuu, mwenzangu kanicheka mpaka kakaa chini. Limetoka kilo 8.9. Kwa hiyo 8.9 kwa 0.42 ni kama 21?

#5 Kokotoa

Umesahau kava. Kava lenye kitambaa kilichoshonewa utandu wa sponji halikosi kilo moja. Livue, lipime peke yake.

#6 Mwanamgongo

Kava kilo 1.1. Zinabaki 7.8. Densiti 18.6! Jamani. Hai iko wapi hapo?

#7 Kokotoa

Usilie bado. Inchi sita umeisoma kwenye lebo au umepima kwa rula? Pima pembeni, siyo kwenye bonde.

#8 Mwanamgongo

Sentimita 14 tu.

#9 Kokotoa

Basi ujazo ni 0.39, densiti inapanda hadi 20. Nimekurudishia kilo moja na nusu, lakini wamekupunja sentimita. Chagua utakayoililia.

#10 Babu_Chaga

Vijana mmekimbilia mahesabu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza godoro limelala juu ya nini. Liondoeni mtazame chaga. Chaga ya katikati ikipinda, au nafasi kati ya chaga na chaga ikizidi sentimita saba, nane, sponji inaingia humo kila usiku kama unga kwenye chekeche, na godoro linabeba lawama isiyo yake. Nimetengeneza vitanda maisha yangu yote; wengi waliokuja na kesi ya godoro niliwarudisha na ubao mmoja na misumari minne.

Lishushe sakafuni ulale siku tatu. Bonde likipotea, kosa ni la kitanda. Likibaki, mlaumu aliyekuuzia.

#11 Mzee_wa_Mkeka

Mimi nalala kwenye mkeka chini miaka mingi, mgongo wangu umenyooka kama rula. Magodoro ni biashara ya kulea uvivu.

#12 Usiku_Mrefu

#11 mgongo umenyooka au umekauka? Tutofautishe.

#13 NesiWaZamu

Hilo la "gumu ndiyo dawa ya mgongo" tulilirithi tu. Mwaka 2003 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania. Watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno walipewa magodoro bila kuambiwa wamepewa lipi, nusu magumu, nusu ya ugumu wa wastani, wakayalalia siku 90. Wa wastani walipata nafuu zaidi, kitandani na wanapoamka. Na hilo neno "la mifupa" kwenye kava halina maana kwamba daktari wa mifupa alilipitia. Ni maandishi.

Ukilala ubavu, bega na nyonga zinataka kuzama kidogo ili uti wa mgongo ukae mstari mmoja. Godoro gumu halizipi nafasi, ndiyo maana #1 bega lilimuuma mapema.

#14 Mbishi_Halali

Nesi, naomba nikukosoe kidogo. Wale walikuwa wagonjwa wa kiuno kisicho na sababu maalumu. Hawakuwa wenye diski ya mgongo iliyoteleza, wala watu wenye afya tu waliojilalia. Na "wastani" yao ilikuwa namba: kwenye kipimo cha 1 hadi 10, ambapo 1 ndiyo gumu kuliko yote, gumu lilikuwa 2.3 na la wastani 5.6. Dukani nani ana hiyo namba? Kila mtu ataita lake wastani.

#15 NesiWaZamu

Sahihi, nakubali hilo la wagonjwa. Ila usichukue godoro la sponji ya kilo 20 ukaliita wastani kwa sababu linabonyea. Hilo ni chovu, siyo la wastani.

#16 MamaPacha

Nijibu swali la topa maana limepotea.

Mimi nilifanya kosa hilohilo. Godoro lilikuwa na shimo, nikanunua topa ya inchi tatu ya memori fomu, ile sponji inayobonyea kufuata umbo la mwili, nikaitandika juu. Wiki moja tu. Topa haina mifupa, inafuata kilicho chini yake: ikakuta shimo, ikaingia shimoni na mimi juu yake, sasa shimo likawa na joto. Nikaitoa kwa hasira. Baadaye tulipata lile godoro gumu la mgeni ambalo hakuna aliyekuwa analitaka, nikaitupa topa ileile juu yake, na huo ndio usingizi wangu mpaka leo.

Kwa hiyo wewe uliyekuta mawili tu dukani ungechukua gumu na topa. Godoro gumu unaweza kulilainisha. Laini hulikazi.

#17 Mwanamgongo

Mama umeniumiza lakini nimekuelewa.

#18 Dereva_wa_Usiku

Memori fomu ni mambo ya NASA, ilitengenezwa wanaanga walale vizuri mwezini. Haiwezi kukosea.

#19 Kokotoa

Nusu kweli, nusu porojo. Ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost kwa mkataba wa NASA, lakini kazi yake ilikuwa kwenye viti vya ndege: kupunguza mshtuko na kumfanya rubani akae vizuri. Aliyelala nayo mwezini simjui. Vitandani imekuja kuenea miaka ya 1990.

#20 Dereva_wa_Usiku

Sawa mwalimu, kiti changu cha lori nacho ni mtihani. Kuna topa ya kiti?

#21 FundiSofa

#20 fungua uzi wako.

#16 yupo sahihi. Naongeza tabia ya memori fomu: inasikia joto. Palipo na baridi inakaza kama jibini, mwili ukiipasha inalegea. Usiku wa joto inalegea zaidi na inashika joto mwilini. Ya maana inaanzia densiti ya kilo 50; zile nyepesi za kilo 30 zinajifanya memori wiki mbili, halafu zinasahau.

#22 Usiku_Mrefu

"Zinasahau" 😂

#23 Mpangaji_Mpya

Fundi, kwa kipimo chako mimi nimefaulu. Nimelikumbatia langu, densiti inakuja karibu 80! Ni lile gumu la mifupa. Nimeokota dhahabu?

#24 FundiSofa

Hapana mkuu, na hapa nijisahihishe maana #3 sikumaliza. Fungua zipu uangalie. Ukiona madoadoa ya rangi, bluu, njano, kijani, kama keki ya sherehe, hayo ni mabaki ya sponji yaliyosagwa yakagandishwa kwa gundi na kukandamizwa. Densiti yake inaweza kufika 60, 80 mpaka 100 na zaidi kwa sababu imeshindiliwa. Uzito ule haulingani na sponji nzima. Siyo mbaya lakini. Haibonyei hovyo, na chini ya topa ndiyo hasa inafaa. Ila zile za gundi mbovu zinaanza kumeguka ndani, ukilala unasikia makokoto.

#25 Mbishi_Halali

Na kuna wanaochanganya unga wa chokaa kwenye sponji wakati wa kuimwaga ili mizani ifurahi. Uzito unapanda, uhai haupandi. Kwa hiyo ule mtihani wa kukumbatia unamkamata mwenye godoro jepesi, lakini mwenye godoro zito hujui kama amefaulu au ameibia.

#26 Kokotoa

Basi mizani itumike kukataa, isitumike kukubali.

#27 Mbishi_Halali

Hapo tumeafikiana, imenishtua.

#28 Mwanamgongo

Sasa dukani bila mizani na bila kuruhusiwa kufungua zipu nifanyeje?

#29 NesiWaZamu

Lala. Siyo dakika mbili, lala kumi, kwa mlalo wako wa kweli. Chali: pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kama kwenye uvungu, godoro ni gumu kwako. Kikigoma kabisa kuingia, umezama. Kikipita kwa kubanwa kidogo, hapo pazuri. Ubavu: mtu akutazame kwa nyuma kama mgongo umenyooka. Wanaolala kifudifudi wanahitaji gumu kidogo maana tumbo ndilo linalozama.

Na msinunue kwa kusikia jirani anavyosema. Godoro linaloonekana gumu kwa mtu wa kilo 55 ni uji kwa mtu wa kilo 100.

#30 FundiSofa

Kuhusu zipu: kama wana kipande cha kuonyesha, kibane kwa vidole vyote uking'ang'anie halafu uachie. Sponji nzima inarudi palepale. Iliyochoka tangu kuzaliwa inarudi ikifikiria. Memori fomu usiipime hivyo, hiyo kurudi polepole ndiyo tabia yake.

Rangi ya njano isikutishe. Sponji inageuka njano kwa mwanga na hewa tu, hata haijalaliwa.

#31 Msichana_wa_Raba

Mbona hakuna anayetaja raba? Topa ya lateksi ya utomvu wa mti wa mpira nimeilalia miaka, haijabonyea. Inarudisha msukumo, hailegei kwa joto kama memori, na matundu yake yanapitisha hewa. Lateksi ya kuumuliwa kama mkate ilianzia Dunlop mwaka 1929, siyo kitu kipya. Ubaya wake ni uzito. Kugeuza topa ya inchi tatu ni mieleka. Na mwenye mzio wa mpira aulize kwanza.

#32 Mbishi_Halali

Dada, uliza pia kama ni utomvu mtupu au umechanganywa na mpira wa kiwandani. Nyingi ni mchanganyiko na lebo inaandika "asilia" kwa herufi kubwa, asilimia kwa herufi za chungu.

#33 Msichana_wa_Raba

Yangu sijui ni asilimia ngapi, najua haina bonde 😌

#34 Kitanda_Mayai

Jamani springi? Ninalo la springi zilizofungwa kila moja kwenye kijimfuko chake. Mwenzangu akigeuka mimi sijui. Zile za kizamani zilizounganishwa kwa waya ndizo zinazotikisa nyumba nzima.

#35 Usiku_Mrefu

Mpaka majirani.

#36 Mzee_wa_Mkeka

Mkeka hautikisiki.

#37 MamaPacha

#36 hatujakusahau mzee.

#38 Mume_wa_Kilo_Mia

Nimesoma uzi wote na hamjasema ukweli. #1 amesema wako wawili. Wana kilo ngapi kila mmoja? Mimi na mke wangu tunapishana kilo 40. Hakuna godoro moja linalotufaa wote: likinifaa mimi, yeye amelala juu ya meza, likimfaa yeye, mimi naanguka na namvuta. Tuliweka magodoro mawili membamba ubavu kwa ubavu kwenye kitanda kimoja, kila mtu na ugumu wake, topa moja nyembamba juu kuziba ufa. Amani.

#39 Mwanamgongo

Mimi 94, mwenzangu 61. Sikujua hilo linahusika.

#40 Kokotoa

Linahusika sana kwa sponji ya kilo 20. Kilo 94 juu ya sponji hiyo, miezi minane ni heshima.

#41 Babu_Chaga

Sponji ya 20 juu ya chaga nzuri inafika miaka miwili. Bado nasubiri jibu la sakafu.

#42 NesiWaZamu

Nami niongeze, siyo kila kiuno ni godoro. Mto ukiwa mrefu mno shingo inapinda usiku kucha na maumivu yanashuka. Ukishinda kwenye kiti masaa manane mchana, usiku unalipa. Kipimo kirahisi: ukilala kwingine unaamka mzima? Kama maumivu yanashuka mguuni, au mguu unakufa ganzi, acha topa nenda hospitali.

#43 Mwanamgongo

Nimerudi wakuu. Samahani kwa kimya, nilikuwa sakafuni.

Babu ulisema kweli na hukusema yote. Chaga ya tatu ina ufa na ilikuwa imeinama, nimeipiga picha nitaileta. Nafasi kati yake nimepima: sentimita 11. Siku tatu za sakafu bonde limepungua, kwa macho naweza kusema nusu. Lakini nusu ipo. Kiuno asubuhi ni afadhali, ingawa siku hizohizo nilibadilisha na mto, kwa hiyo sijui nimshukuru nani.

#44 Babu_Chaga

Chaga. Nishukuru mimi.

#45 FundiSofa

Nusu iliyobaki ni sponji iliyokufa, hiyo hairudi. Ukiwa huna uwezo wa jipya: kaza chaga, ongeza nyingine katikati ya zile nafasi. Kisha fungua kava. Kama ni kipande kimoja bila tabaka, ligeuze chini juu na mguuni kichwani, ili viuno vyenu viangukie mahali pabichi. Hapo umejinunulia miezi kadhaa. Mwenye uthubutu anaweza kukata kipande cha katikati na kubandika sponji nzito pale mnapolalia viuno. Nimewafanyia watu, inakaa.

#46 MamaPacha

Sisi tulikuwa tunakunja blanketi tunaliweka chini ya godoro pale penye shimo. Linanyanyua.

#47 Babu_Chaga

Blanketi linanyanyua wiki moja, halafu unalala juu ya kinundu. Tena usizibe chaga kwa ubao mzima bila matundu. Jasho la usiku linashuka, likikosa hewa chini godoro linaota ukungu, utakuja hapa na uzi mwingine.

#48 Kokotoa

Akishanyoosha chini, topa sasa inaruhusiwa au bado?

#49 MamaPacha

Bado. Akae kwenye godoro lililogeuzwa wiki mbili. Likibaki tambarare, topa ya inchi mbili itaongeza raha. Likizama tena, hiyo hela aiweke kwa ajili ya gumu.

#50 Msichana_wa_Raba

Mimi nasema anunue topa nzuri sasa hivi, kwa sababu topa anahama nayo. Godoro likifa, topa inahamia kwenye jingine. Kama wewe ulivyofanya mama.

#51 MamaPacha

Mmh. Hapo umenikamata.

#52 Mbishi_Halali

Topa juu ya bonde nayo inajifunza bonde. Ikihamia kwenye godoro jipya itakuja na tabia za zamani.

#53 Msichana_wa_Raba

Ya memori nyepesi, ndiyo. Raba hapana.

#54 Mbishi_Halali

Umeipima?

#55 Msichana_wa_Raba

Nimeilalia.

#56 Mpangaji_Mpya

Samahani, topa imekuja imefungwa imenyonywa hewa kama chapati iliyokunjwa, na inanuka dawa. Mbovu?

#57 FundiSofa

Iache wazi mahali penye hewa siku moja hadi tatu, usiilalie ikiwa bado inavimba. Harufu itapungua. Baada ya hapo ipime kwa rula kama #1, usiamini lebo.

#58 Mwanamgongo

Chaga mbili zimeongezwa, godoro limegeuzwa kichwa mguuni. Usiku wa kwanza hatukukutana katikati. Mwenzangu anauliza kama nimekasirika.